Winga wa Maneno

Kabla hajawa mwandishi, Sabaha alikuwa winga wa nguo za watoto mtaa wa Narung'ombe, na alikuwa winga mzuri. Kwa asiyeijua Kariakoo, winga ni mtu asiye na duka wala mzigo. Anasimama barabarani, anamsikiliza mteja, anapanda ngazi mbio mpaka kwenye maduka ya ghorofani ambayo mgeni asingeyaona hata angezunguka kutwa, anachukua nguo, anashuka nayo na kuiuza kwa bei yake mwenyewe. Mwenye duka anapata chake, winga anapata cha juu. Si wizi. Mwenye duka anajua nguo yake imekwenda na nani, na mteja akipata shida anarudishwa palepale ilipotoka.

Sabaha alichukua mzigo kwa mzee Mbaruku, ghorofa ya pili, chumba cha mwisho baada ya duka la mapazia. Mzee huyo hakuwa mtu wa maneno matamu. Lakini alipoona miguu ya binti inavimba kwa kusimama, alileta kigoda, akakiweka mlangoni na kutangaza kwamba ni cha wateja. Mteja akikikalia, mzee anaanza kukohoa na kuuliza kama amekuja kununua au kupumzika. Akikikalia Sabaha, hakohoi. Jambo hilo hawakuwahi kulizungumza, na kigoda kikawa cha Sabaha.

Uandishi nao ulianzia dukani humo. Mzee Mbaruku alitaka kuuza mtandaoni kama wenzake, akamwomba Sabaha apige picha za nguo na kuandika maneno chini yake. Sabaha akaanza na soksi. Hakusema ni soksi bora kwa bei nafuu, kama walivyosema wengine wote. Alisema zina mpira laini, hazimwachii mtoto ile alama ya duara mguuni ambayo mama huiona wakati wa kumwogesha, akaisugua kwa kidole gumba mpaka ipotee. Kina mama wa Mtwara na Tabora wakaagiza soksi. Maduka mengine yakataka yaandikiwe. Na siku moja akapigiwa simu na dada mmoja aitwaye Stella, mwenye ofisi ndogo Posta na tovuti ya mambo ya uzazi na malezi.

Stella alikuwa ameyasoma maneno ya soksi. Alimpa Sabaha makala za majaribio, aziandike kwa simu yake popote alipo, na kama zingempendeza angemwajiri kabisa: awe na meza yake, kiti chake na mshahara wa kila mwezi. Sharti alilitamka mara moja tu, huku akimmiminia chai.

"Maneno ya kuokota sitaki, mdogo wangu. Andika ulichokiona. Kama hukukiona, muulize aliyekiona, na useme ni nani."

Sabaha akaitikia. Lilikuwa sharti jepesi.

Kilichomvuta zaidi ya mshahara kilikuwa kitu kidogo. Chini ya kila makala Stella aliweka jina la aliyeandika, jina kamili. Barabarani Sabaha alikuwa akiitwa we winga, we wa soksi, we mwenye dera la kijani. Makala yake ya kwanza ilipotoka, aliiteremsha kwenye simu mpaka mwisho, akaliona jina lake na la baba yake yamekaa pamoja, akapanda ngazi kwenda kumwonyesha mzee Mbaruku. Mzee akavaa miwani, akasoma jina tu, akasema limeandikwa vizuri. Mchana huo akaagiza chapati mbili badala ya moja, na ile ya pili akaisogeza upande wa kigoda.

Makala zilizofuata zilikwenda vizuri, kwa sababu zilihusu mambo aliyoyajua: namna ya kuchagua nguo za mtoto anayezaliwa kipindi cha joto, namna ya kufua nepi wakati wa mvua. Ya mwisho ndiyo iliyomshinda. Stella alitaka habari ya mama aliyekwenda kujifungua akarudi nyumbani bila mtoto. Alisema wanawake hao wako wengi na hakuna anayewaandikia.

Sabaha hakuwa na mtoto. Kila alichoandika kilitoka kikavu kama tangazo la ukutani zahanati. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Alijiambia amuulize mtu, lakini nani unamwendea na swali la namna hiyo? Akaogopa. Siku ya kupeleka makala ikakaribia, na ile meza ya Posta ikaanza kumtoka mikononi.

Ndipo alipoiona habari ya Evarista Komba. Ilikuwa Fesibuku, imewekwa miaka mingi nyuma, kwenye ukurasa wenye picha ya ua. Watu wachache sana walikuwa wameisoma. Mwanamke huyo alieleza jinsi mtoto wake wa kwanza alivyozaliwa ameshafariki, na jinsi maziwa yalivyokuja hata hivyo, kama mgeni ambaye hakupewa taarifa kwamba sherehe imeahirishwa. Alieleza pia habari za mama mkwe wake aliyesafiri kutoka Mbinga. Mama huyo hakumwambia kwamba Mungu atampa mwingine. Aliketi nyuma yake kitandani, mgongo kwa mgongo, ili kila mmoja alie bila kutazamwa. Na kila asubuhi aliingia chumbani akamsalimu, "Umeamkaje, Mama Aristides?" Aristides ndilo lilikuwa jina la mtoto. Mama mkwe alikuwa amempa jina la babu yake.

Sabaha aliisoma akiwa juu ya kigoda, akalia. Halafu, akiwa bado anajifuta macho, ule uwinga ukaamka ndani yake. Huu ni mzigo wa ghorofani, aliwaza. Mzuri, umekaa juu kule na vumbi, hakuna mteja anayepanda. Angeushusha barabarani watu wauone. Si ndiyo kazi aliyoifanya miaka yote?

Akaichukua, akaiandika kana kwamba yalimpata yeye mwenyewe. Alibadilisha mwanzo, akafupisha katikati, Mbinga akaiondoa. Alipofika kwenye jina la mtoto alisita. Jina lile lingewafanya watu waulize, na labda waitafute habari yenyewe. Akalifuta, akaandika "mtoto". Ile salamu ya asubuhi akaiacha, ila Mama Aristides ikawa "mama".

Makala ilipotoka, simu ya Stella haikutulia. Wanawake waliandika kutoka Songea, Tanga, hata Muscat. Stella mwenyewe alimpigia Sabaha, akasema alijifungia chooni ili wafanyakazi wenzake wasimwone akilia. Akamwambia aje Jumatatu wasainishane.

Wikiendi hiyo Sabaha angekuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Kariakoo, kama si ujumbe wa Zamzam.

Ujumbe uliletwa kwenye tovuti, Stella akamtumia Sabaha aujibu mwenyewe. Zamzam alikuwa mwanamke mwenye umri mdogo, mkazi wa Ilala, na mtoto wake alikuwa amezikwa mwezi uliopita. Aliandika kwa adabu sana, akaacha na namba yake ya simu. Alimshukuru dada Sabaha kwa kusema mambo ambayo yeye hakuwa na wa kumwambia. Alikuwa na swali moja. Nguo za mtoto alizinunua zote Kariakoo kabla, mpya, bado zimo kwenye mfuko nyuma ya mlango. Mume wake hawezi kuutazama ule mfuko, na yeye hawezi kuugusa. "Dada, wewe nguo zake ulizifanyia nini?"

Sabaha aliusoma ujumbe huo ngazini, akarudi kuusoma kwenye kigoda. Kwenye habari ya Evarista hapakuwa na neno lolote kuhusu nguo. Akaanza kuandika jibu. Aliandika kwamba alizigawa kituo cha watoto yatima, na kwamba moyo wake ulipata nafuu. Akalisoma. Lilikuwa jibu zuri, limenyooka, mtu yeyote angeliamini. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kutuma.

Wakati huo Beno, winga mwenzake mwenye maneno mengi, aliingia dukani akiwa na mama mmoja mwenye chandarua cha mtoto kilichovunjika waya. Mama huyo alikuwa amekasirika. Beno alikuwa amembebea mfuko wake na mwavuli wake, na jasho linamtoka.

"Mzee wangu, chandarua chako kimenitia aibu," alisema Beno. "Huyu mama kanitafuta tangu Msimbazi, ananiita tapeli mbele ya warembo."

"Warembo gani wanaokutazama wewe?" aliuliza mzee Mbaruku, akiwa ameshainuka kuchukua chandarua kingine. Alikifungua, akakikunja, akakifungua tena mbele ya yule mama ili aone waya ni mzima. Halafu akamwomba radhi. Mama akapoa, akacheka kidogo kwa ajili ya wale warembo, na alipotoka Beno alimtangulia kumshusha ngazi ili asijikwae.

Mambo kama hayo Sabaha alikuwa ameyaona mara nyingi mno, hata hakuwa akiyatazama tena. Naye pia alikuwa amewapandisha wateja ngazi zile akiwa na haya usoni. Winga anaweza kuongeza bei, anaweza kusifia kupita kiasi, lakini mteja akirudi, humkimbii na humdanganyi. Unampeleka dukani, kwa mwenye mzigo.

Akatazama simu. Ilikuwa kama Zamzam amerudi na mfuko wake, amesimama mbele yake anangoja.

Akalifuta lile jibu. Kisha akaufungua ule ukurasa wenye picha ya ua na kumwandikia Evarista Komba kwamba anaitwa Sabaha, na anaomba waonane.

Jibu lilikuja kabla ya magharibi. Lilikuwa na jina la mtaa, Magomeni, na maelezo ya nyumba: yenye baraza ya bluu, uulize Mama Severa fundi cherehani.

Alikwenda Jumapili mchana. Evarista alikuwa barazani anashona sketi za shule, mwanamke wa makamo mwenye nywele zilizosukwa mabutu, na bintiye Severa alikuwa chini ya meza anawavika vipande vya vitambaa wanasesere wake. Sabaha akasema shikamoo. Akaitikiwa marahaba, karibu. Akaonyeshwa mkeka, lakini akashindwa kukaa.

"Mama, mimi ndiye niliyeichukua ile habari yako. Nikaiweka kama yangu."

Evarista hakuisimamisha cherehani mpaka alipofika mwisho wa mshono. Akakata uzi kwa meno.

"Najua. Jina lako liko chini," alisema. "Mama mmoja wa jumuiya yetu alinitumia. Akaniambia soma hii, imefanana na yako."

Sabaha akasema anaomba msamaha. Akaanza kueleza habari ya mzigo wa ghorofani, namna alivyodhani anaushusha watu wauone, na kadiri alivyoeleza ndivyo maneno yalivyozidi kuwa mepesi mdomoni mwake. Evarista alikuwa anaikunja ile sketi, pole pole, anayanyoosha marinda yake moja moja.

"Nilipoisoma sikukasirika," alisema. "Nilifurahi, nikawaza watu watamjua. Nikashuka nayo, nikashuka. Nilipofika pale jina lake lilipo, nikakuta umeandika mtoto."

"Nilidhani..."

"Hospitali waliandika mtoto wa Evarista. Kaburini tuliweka msalaba wa mbao, mvua ikauchukua. Hapa mtaani wananiita Mama Severa, hawajui kama kuna aliyemtangulia. Maneno mengine ungechukua hata yote, mwanangu. Lakini yule hana pengine pa kukaa. Ni pale tu."

Sabaha akakaa kwenye mkeka. Hakulia, kwa sababu aliona kilio chake hakina nafasi hapo. Aliinamisha kichwa tu. Severa akatoka chini ya meza, akamtazama mgeni, akamwekea mwanasesere mmoja mapajani, labda alidhani anaumwa.

Baada ya muda Evarista alimuuliza kilichomleta. Maana wengine, alisema, wangeifuta ile habari na kunyamaza. Sabaha akampa simu asome ujumbe wa Zamzam. Evarista alijifuta mikono kwenye kanga kabla ya kuipokea. Alisoma, akarudia, akamrudishia simu.

"Usimwandikie," alisema. "Swali kama hili halijibiwi kwa kuandikiwa. Nirekodie sauti."

Sabaha akaishika simu karibu na mdomo wa Evarista. Evarista alizungumza kama mtu anayeongea na aliyekaa naye jikoni. Alimwambia Zamzam kwamba yeye ndiye mwenye ile habari, na kwamba mtoto wake anaitwa Aristides. Alimpa pole. Kisha akamwambia kwamba mama mkwe wake alizichukua zile nguo mpya, akazifua zote kwa mkono, ingawa hazikuwa zimeguswa na mtu.

"Akazianika uani, kambani, kutwa nzima. Nikamuuliza, mama, unafua nguo safi? Akasema zikae juani siku moja kama nguo za mtoto yeyote. Majirani waone kwamba humu kulizaliwa mtu. Jioni tulizianua pamoja. Kofia nikabaki nayo. Nyingine zilikaa sandukuni mpaka nilipoweza, nikampa binti mmoja wa jirani aliyekuwa hana kitu. Wewe usiharakishe, mwanangu. Kama huwezi kuugusa mfuko, tafuta mtu aje azifue nawe. Mimi niko Magomeni, nina mikono miwili."

Alipomaliza, Evarista aliashiria kwa kichwa. Sabaha akatuma.

Evarista hakumtaka aondoke bila kula. Alimpakulia wali na maharage, akamwekea kipande cha parachichi juu, na walipokuwa wanakula alimuuliza yeye ni mtoto wa nani, na wazazi wake wako wapi. Hakumwambia amemsamehe. Lakini alimsindikiza mpaka kona.

Jumatatu Sabaha alifika Posta mapema. Mkataba ulikuwa mezani, na kalamu juu yake, na kile kiti kilikuwa kimeshafutwa vumbi. Alieleza yote akiwa amesimama, kwa sababu alijua akikikalia kiti kile hatasema.

Stella alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeibiwa kitu ndani ya nyumba yake.

"Basi mimi nilimlilia nani?" aliuliza.

"Mama Evarista, dada. Na mtoto wake. Anaitwa Aristides."

Stella akauvuta mkataba upande wake, akaugeuza kifudifudi. Alisema kiti hawezi kumpa. Alisema inambidi azisome upya makala zake zote, moja moja, na hajui kama ataweza kuzisoma tena kama alivyozisoma mwanzo. Sabaha akasema za soksi na nepi ni zake mwenyewe, lakini anaelewa. Akageuka kutafuta mlango.

"Chai yako inapoa," alisema Stella nyuma yake.

Kweli kikombe kilikuwepo, kimemiminwa tangu mwanzo. Wakakaa pamoja, mmoja kila upande wa meza. Waliiondoa ile makala, wakaandaa habari ya Evarista ikiwa nzima, na Mbinga yake na jina lake, ili wamwombe ruhusa ya kuiweka. Kwa upole Stella alipendekeza waandike tu kwamba kulitokea makosa ya ofisi, basi. Sabaha akakataa. Aliandika kwa mkono wake kwamba habari hii aliichukua bila kuomba, akaweka jina lake palipopaswa kuwa na jina la mwenyewe, na kwamba alilifuta jina la mtoto, na anaomba radhi kwa mama yake. Chini akaweka jina lake, lote. Stella alilisoma lile tamko, akarekebisha koma moja, akasema siku nyingine, si sasa, huenda akampigia.

Jioni Sabaha alikuwa amerudi ghorofa ya pili. Kigoda kilikuwa mlangoni. Mzee Mbaruku hakumuuliza kilichotokea Posta. Alimwambia tu kwamba kesho kuna mzigo mpya wa soksi, na kwamba mtu wa kuziandika hajapatikana.

Sabaha akakaa, akampigia Evarista. Alisema anaomba ruhusa ya kuiweka ile habari, na anataka kumsomea kabla haijatoka, asikie kama kuna kitu kimekosewa. Evarista akasema subiri, na akasikika akiisimamisha cherehani. Duka lilikuwa na wateja, na feni ilikuwa inapiga kelele. Mzee Mbaruku alinyoosha mkono akaizima feni, akawaambia wateja wazungumze kwa vidole. Walipoona uso wake, walitii.

Sabaha akasoma, polepole, habari ya maziwa, ya migongo miwili kitandani, ya salamu ya asubuhi. Mara moja moja alimsikia Severa upande wa pili akiuliza kitu na kuambiwa ngoja. Akafika mwisho.

"Imeandikwa na Evarista Komba," alisoma, "mama yake Aristides na Severa."

Hakusikia kitu. Akadhani simu imekatika, akaitoa sikioni kuitazama, kisha akairudisha.

"Mama Aristides?" aliita. "Upo?"

"Nipo," alisema Evarista. Sauti yake ilikuwa karibu sana. "Rudia hapo mwisho, mwanangu."

Sabaha akarudia.